Pima Maji ya ORS, Usikisie

Leo tuzungumze kuhusu mtoto anayeharisha.

Mama muuza samaki wa Dunga anajua: samaki akipakwa chumvi, maji humtoka. Maji hufuata chumvi. Tumboni ni vivyo hivyo. Ukuta wa utumbo umejengwa kwa seli, na ngozi ya kila seli ina milango midogo ya protini. Mlango mmoja hupitisha chumvi na sukari zikiwa pamoja, nayo maji huzifuata hadi kwenye damu. Hata kipindupindu hakiufungi mlango huo. Ndiyo sababu ORS huokoa maisha.

Lakini ukipunguza maji, chumvi na sukari huzidi, zikavuta maji ya mwili yarudi utumboni. Mtoto ataharisha zaidi. Ndiyo maana mwaka wa 2002 WHO na UNICEF walipunguza chumvi na sukari katika ORS.

Soma pakiti. Ikisema nusu lita, pima kwa chupa tupu ya soda ya nusu lita, iliyooshwa vizuri. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, umimine unga wote. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee. Yakipita saa 24, mwaga. Endelea kumnyonyesha, na uombe tembe za zinki kwenye zahanati.

Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, mkimbize hospitali.