MSHAHARA UKIFUNGIWA OFISINI
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Leo twataka kuwaeleza habari ya Marekani, jinsi serikali inavyofunga ofisi zake na wafanyakazi wakakosa mshahara. Labda mtu atauliza, sisi watu wa reli yatuhusu nini? Ngojeni kidogo.

Kule fedha ya serikali haitoki mpaka Bunge lipitishe sheria ya matumizi na Rais atie sahihi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Zamani wakubwa wakichelewa kupatana, ofisi nyingi ziliendelea na kazi. Lakini mwaka 1980 na mwanzo wa 1981 Mwanasheria Mkuu, Bwana Benjamin Civiletti, alisema sheria hairuhusu kazi bila fedha iliyokubaliwa, isipokuwa kazi ya kulinda maisha ya watu na mali. Tangu hapo wakubwa wakigombana, wafanyakazi hugawanywa mafungu mawili: hawa wakae nyumbani bila mshahara, na hawa waje kazini bila mshahara.

Kutoka 22 Desemba 2018 hata 25 Januari 2019, siku 35, watu kama 800,000 walikuwa katika hali hiyo. Waongoza ndege na askari wa magereza walikwenda kazini kila siku. Wengine walipanga foleni kupokea chakula cha msaada, nao ni watu wa serikali tajiri! Kugoma hawana ruhusa. Mwaka 1981 waongoza ndege waligoma, na Rais Reagan akafukuza zaidi ya 11,000.

Tarehe 16 Januari 2019 ilitiwa sahihi sheria kwamba ofisi zikifunguliwa, wote walipwe mshahara wa nyuma, aliyefanya kazi na aliyekaa nyumbani. Mwaka 2025 ofisi zilifungwa tena, siku 43, toka 1 Oktoba mpaka 12 Novemba. Wakubwa wakaanza kusema ati huenda waliokaa nyumbani wasilipwe. Vyama vikajibu: sheria hii hapa, someni. Na sheria iliyofungua ofisi ikaandika tena kwamba walipwe.

Basi wote walipona? Hapana. Wafagiaji, wapishi na walinzi wa milango katika ofisi zile wengi wameajiriwa na makontrakta. Sheria ile haikuwataja. Ofisi ikifungwa, kontrakta huwaambia hakuna kazi. Ikifunguliwa, siku zile zimepotea kabisa. Mwaka 2019 wabunge wengine walileta mswada ili nao walipwe, lakini haukupita.

Ndugu, sisi twajua mshahara kuchelewa. Uliwahi kutuchelewea, na mwenye duka akafunga daftari lake la mkopo. Mwenye nyumba naye hapokei ahadi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hata hivyo tulingoja tukijua utakuja, maana majina yetu yamo kitabuni na chama kilikuwa kikiuliza kila siku. Lakini yule anayefagia mabehewa, aliyeletwa na kontrakta, kazi ikisimama hana hata cha kungojea. Na treni ni ile ile moja.

Kwa hiyo twaleta mambo mawili mbele yenu. La kwanza, siku ya mshahara iandikwe katika mapatano yetu, pamoja na malipo ya nyuma kazi ikisimama bila kosa letu. Yaandikwe sasa kungali na amani, maana wenzetu wa Marekani mwaka 2025 waliokolewa na maneno yaliyoandikwa mapema. La pili, chama kidai kwamba kila kontrakta apewaye kazi katika stesheni zetu afungwe na masharti hayo hayo kwa watu wake.

Tusiseme hao si wenzetu kwa kuwa hawamo kitabuni. Nasi twaweza kutolewa kitabuni kesho, tukarudishwa kazi ile ile kwa mkono wa kontrakta.

Umoja ni nguvu.