Vifaa vya Kamari Katika Mialo Yetu: Nani Anashika Ufunguo?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa semina ya kamati za maendeleo za sharika, Ujiji



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia uchumi wa kaya. Nilikuwa nimeandaa mada ya kilimo na ufugaji wa kuku, lakini nimeiweka kando kwa sababu ya maombi mawili niliyoletewa na usharika mmoja wa kando ya ziwa. Ombi la kwanza: mfanyabiashara anataka kupanga fremu ya usharika aweke mashine mbili za kamari, zile ambazo vijana huziita dubwi, na kodi anayotaja inazidi ya muuza nafaka aliyepo sasa. Ombi la pili: vijana wa usharika huohuo wanaomba wanunuliwe karata, draft na bao kwa ajili ya chumba chao. Mwenyekiti aliniuliza, "Mratibu, hivi vyote si michezo? Kimoja kina dhambi gani ambayo kingine hakina?" Ni swali zuri. Naomba tulijibu kwa kuvitazama vifaa vyenyewe.

Tuanze na karata. Pakiti ina karata 52 za aina nne: shupaza, kopa, uru na pau. Majina hayo yametokana na Kireno, kwa hiyo mchezo huu ni mgeni wa siku nyingi katika pwani yetu. Vijana wanaocheza albastini chini ya mwembe hawapotezi kitu ila muda, na mara nyingine wanapata urafiki. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na humfundisha mtu kuhesabu kabla ya kutenda. Draft hutengenezwa kwa kipande cha ubao na vizibo vya soda. Vifaa hivi havina pesa ndani yake.

Karata hizohizo zikiwekewa pesa, mambo hubadilika. Ndugu wanne wakicheza poka nyumbani kwa shilingi, anachopata mmoja kimetoka mfukoni mwa mwenzake, na watoto wa yule mwenzake ndio watakaolala na uji mwepesi. Katika kasino ni zaidi, kwa kuwa mwenye nyumba hukata sehemu yake kwenye pesa za mezani kabla mshindi hajachukua. Angalieni pia vile vidude vya plastiki vya rangi wanavyochezea badala ya fedha. Vinaitwa chipsi, lakini si hizi za mayai. Mtu akitoa noti ya shilingi 10,000 moyo humuuma. Akisukuma kidude chekundu haumumi, mpaka asubuhi.

Mkuki wenye sumu zaidi ni mashine. Chukueni kwanza gurudumu la kasino lenye namba 37, kuanzia 0 hadi 36. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye namba moja nayo ikatokea, unarudishiwa 1,000 yako pamoja na 35,000. Inapendeza! Sasa weka 1,000 kwenye kila namba, usikose hata moja. Umetoa 37,000. Lazima ushinde, na unapokea 36,000. Umeshinda, na shilingi 1,000 imebaki kwa mwenye gurudumu. Hapo hajaiba wala hajaroga. Faida yake imo katika hesabu ya kifaa chenyewe.

Dubwi hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ila hesabu yake imefichwa ndani ya programu. Kila mzunguko hauna habari na mzunguko uliopita. Kijana anayesema "imekula sana, sasa itatema" anajidanganya, kwa sababu mashine haina kumbukumbu ya huruma. Tufanye mfano. Tuseme mashine imepangwa kurudisha, kwa wastani, shilingi 90 katika kila 100. Mvuvi ana shilingi 10,000, yaani sarafu 50 za shilingi 200. Akizungusha zote mara moja hubaki na 9,000. Akizirudisha zile zilizotoka, 8,100. Kisha 7,290. Katika raundi ya saba amebaki na 4,783. Hakuna aliyemnyang'anya, na mara mbili tatu amesikia sarafu zikimwagika kwa kelele, wenzake wakampongeza. Ile kelele nayo ni sehemu ya kifaa.

Wajumbe, sisi wa Kigoma tuna jambo letu la pekee. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka taa hazifui dafu. Kwa hiyo kila mwezi siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika. Vijana wa Kibirizi na Katonga wanakuwa na fedha za mgao mfukoni na hawana la kufanya. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ni uamuzi mwema kwa ziwa, lakini ni miezi mitatu ambayo kaya iliyokuwa na akiba ilivuka na isiyokuwa nayo iliuza nyavu au ilikopa. Mwenye mashine anajua kalenda hiyo kuliko kamati zetu.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2003 tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na Bodi inayosimamia michezo hiyo. Mashine lazima iwe na leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mkiona mtoto mwenye sare ya shule amesimama mbele ya mashine, msiishie kusikitika. Mwambieni mtendaji wa kata, kwa maandishi. Lakini tusijidanganye kwamba leseni inabadilisha ile hesabu. Mashine yenye leseni na isiyo nayo zote hula. Wala tusifikiri kuzivunja kunatosha. Kenya mwaka 2018 serikali ilikusanya mashine na kuzichoma moto, na bado vijana wanaendelea kubeti kwenye simu zao.

Naomba sasa mlitazame sanduku jingine. Wengi wenu mnalo: sanduku la chuma la VICOBA. Lina kufuli tatu, na funguo zake tatu hukaa kwa wanachama watatu tofauti, wala si kwa mwenyekiti peke yake. Hufunguliwa mbele ya kikundi kizima, fedha huhesabiwa kwa sauti, na kila mmoja anajua kilichoingia na kilichotoka. Dubwi nalo ni sanduku la chuma linalopokea fedha za maskini. Lakini ufunguo wake ni wa mtu mmoja, hakai hapa, na anapokuja kulifungua hakuna anayehesabu pamoja naye. Huo ndio msingi wa jibu langu kwa mwenyekiti. Kila kifaa kinachoingia kijijini kwetu tukiulize: ndani yake kuna fedha? Na nani anashika ufunguo?

Mzee mmoja alinikumbusha kwamba mitume nao walipiga kura walipomchagua Mathiya. Ni kweli. Lakini hakuna aliyeweka fedha, na hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Kura iliyofanana na kamari ni ile ya askari chini ya msalaba, waliogombania vazi la mtu aliyekuwa akifa. Na majirani zetu Waislamu wa hapa Ujiji wanakatazwa kamari na dini yao waziwazi. Katika jambo hili masheikh ni wenzetu. Twendeni kwao tukae pamoja.

Ninajua ugumu uliopo. Usharika ule una paa linalovuja, na kodi ya mashine ingenunua mabati. Siwezi kuwaahidi kwamba wahisani watalipa tofauti hiyo, na wageni wetu waliopo hapa naomba wanielewe kwamba siwapigii magoti leo. Ninachosema ni kwamba mabati hayo yangenunuliwa na washarika walewale, kwa njia ndefu na ya gharama: wangetoa shilingi nyingi kwenye mashine ili kanisa lipate chache. Ni afadhali waombwe moja kwa moja madhabahuni, wakijua wanajenga nini.

Mapendekezo yangu ni manne. Kwanza, mikataba ya fremu zote za sharika iandikwe wazi kwamba hapatawekwa mashine ya kamari. Pili, vijana wapewe karata, draft na bao, kwa sharti moja: hakuna fedha mezani, hata ya soda. Tatu, vikundi vya VICOBA vya mialoni vikutane siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wapo nchi kavu na fedha bado ipo mfukoni. Nne, aliyekwisha kunaswa asitangazwe ibadani. Atembelewe nyumbani, yeye na mkewe, na apewe mtu wa kumshikia fedha zake mpaka apate nguvu.

Kamati ya usharika ule inakaa Jumamosi hii kumjibu mfanyabiashara. Sijui wataamua nini, na si kazi yangu kuwaamulia. Waombeeni. Na kila mmoja wenu akifika kwake, ahesabu ni masanduku mangapi ya ufunguo mmoja yapo kati ya kanisa na ziwa, na mangapi ya funguo tatu.