Kazi katika Makampuni Makubwa ya Teknolojia: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuomba

(Mazungumzo kwa vijana na wazazi wa Kaunti ya Lamu)



Kijana wa Faza au Mpeketoni anayetaka kuandika programu za kompyuta hana tena haja ya kufikiria Marekani peke yake. Google ina ofisi Nairobi tangu mwaka 2007, na mwaka 2022 ilitangaza kuwa kituo chake cha kwanza cha kuunda bidhaa barani Afrika kitakuwa mjini humo. Microsoft ilianzisha chake mwaka 2019. Mlango umesogea karibu. Kilichobaki ni kujua unavyobishwa.

Ombi hutumwa kupitia tovuti ya kampuni yenyewe. Anayechaguliwa hupigiwa simu, kisha hupewa swali la kuandika programu huku mhoji akimfuatilia mtandaoni. Akifaulu, huitwa kwa mahojiano mengine kadhaa. Katika Google, mhoji mmoja haamui peke yake. Maoni ya wahoji wote hupelekwa kwa kamati. Zamani kampuni hiyo ilisifika kwa kuuliza mafumbo. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi, alikiri hadharani kwamba mafumbo hayo yalikuwa kupoteza wakati. Muhimu zaidi ni maswali yanayohusu kazi yenyewe na mambo ambayo mwombaji amewahi kuyatenda.

Hapo kijana wa Lamu ana jambo la kujizoeza. Amelelewa akijua kuwa kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu. Katika mahojiano haya, kimya huweza kuchukuliwa kuwa ni kutojua. Mhoji anataka kusikia mwombaji ameelewa nini, anaanzia wapi, amekosea wapi na anarekebishaje. Fundi wa jahazi kule Matondoni hupimwa kwa ubao anaouchonga mpaka ukakaa mahali pake. Mwandishi wa programu naye hupimwa kwa kazi ya mikono yake, ila yeye hana budi kueleza huku akichonga. Kufanya hivyo hakuvunji heshima. Mazoezi yake ni rahisi: vijana wawili, swali moja, mmoja atatue kwa sauti na mwenzake amuulize. Wafanye pia kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mahojiano mengi. Anayekosa mara ya kwanza anaweza kuomba tena baada ya muda.

Lakini si kila kazi ya teknolojia ni ya kampuni inayotajwa. Wako waliokagua picha na video za Facebook wakiwa Nairobi, ilhali mwajiri wao katika mkataba alikuwa kampuni nyingine, Sama. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, alizishtaki Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook, akidai kazi hiyo ilimdhuru kiakili. Mwaka uliofuata wakaguzi zaidi ya 180 walifungua kesi yao. Meta ilisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa inaweza kushtakiwa nchini.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, kijana aulize: mwajiri ni nani hasa? Kazi ni ipi kila siku? Mshahara ni kiasi gani, na mkataba unaisha lini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Anayeambiwa aanze kazi kwanza, karatasi zitafuata, asikubali.

Wazazi nao wana neno lao. Makampuni haya hayatozi ada ya usaili, ya fomu wala ya mafunzo. Anayeomba pesa kwa M-Pesa ili "kumpitisha" kijana ni tapeli, hata akiwa na barua yenye nembo. Mashua isiuzwe kwa ajili yake.

Anayetaka kuanza leo aulizie mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka 2016. Mafunzo yake ni bure, na simu ya mkononi yatosha kujiandikisha.