Mafunzo ya Kampeni Wakati wa Likizo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya pendekezo la kugharimia kambi ya likizo, ya kuwafunza wanafunzi wa sekondari na vyuo mambo ya kampeni za uchaguzi. Naliunga mkono, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe nimeyapata katika historia ya Marekani.

Mwezi Juni 1964 mamia ya wanafunzi wa vyuo, wengi wao wazungu wa majimbo ya kaskazini, walikusanyika mjini Oxford, jimbo la Ohio. Walijiandaa kwenda Mississippi kuwasaidia watu weusi wajiandikishe kupiga kura. Kila kundi lilifunzwa juma moja tu. Kila mtu alitakiwa awe na dola 500 za dhamana, endapo angekamatwa, na asiyetimiza miaka 21 alete idhini ya wazazi.

Walifundishwa nini? Si kumshangilia mgombea. (Nyimbo walikuwa nazo, tena nyingi, ila zilikuwa za uhuru.) Walifundishwa kujikunja na kukinga kichwa wanapopigwa, kutotembea peke yao, na kuondoa balbu ya ndani ya gari ili mlango ukifunguliwa usiku wasionekane. Wenzao waliigiza polisi na wahuni, wakawatukana na kuwasukuma. Tena kulikuwa na suala la fomu. Huko Mississippi mwombaji alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akinakili na kukifafanua, na karani ndiye aliyeamua kama maelezo yanaridhisha. Mtu mweusi angeweza kuwa msomi na bado akaambiwa ameshindwa.

Kiongozi wao alikuwa Robert Moses, mwalimu wa hesabu mwenye miaka 29. Kundi la pili lilikuwa mafunzoni habari zilipofika kwamba James Chaney, Michael Schwerner na Andrew Goodman wametoweka tangu Juni 21. Goodman alikuwa ametoka kwenye mafunzo hayo hayo juma lililotangulia. Moses hakuwaficha wanafunzi. Aliwaeleza kwamba yamkini wenzao wamekufa, na anayetaka kurudi nyumbani arudi. Waliorudi walikuwa wachache. Maiti zilipatikana Agosti 4, zimefukiwa katika tuta la udongo la bwawa.

Katika msimu huo watu weusi wapatao 17,000 walijaribu kujiandikisha. Waliokubaliwa ni kama 1,600. Mwenye haraka atasema ni kazi bure. Lakini mwaka 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ilipitishwa, na mitihani ile ikasimamishwa.

Moses huyo huyo alikuja Tanzania mwaka 1969, akafundisha hesabu huko Same, akarudi kwao 1976. Yamkini wapo wazee humu nchini wanaomkumbuka kwa aljebra tu!

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nasikia yuko mgombea aliyejitolea kulipia chakula chote cha kambi, pamoja na fulana. Tumshukuru, tumrudishie. Vijana wetu wajifunze daftari la wapiga kura, sheria ya uchaguzi, na kumsikiliza mama wa sokoni kabla ya kumhubiria. Wazazi waelezwe kila kitu mapema, na mtoto asiyetaka asishurutishwe. Kama fedha yetu wenyewe inatosha wanafunzi ishirini badala ya mia, basi tuanze na hao ishirini Desemba hii.