Daktari wa Kilosa na Kopo la Maziwa

Uwe hapa Doldol mjini au kwenye manyatta huko Mukogodo, keti kidogo, mpakate mtoto, tuzungumze. Leo sitaanza na ugonjwa. Nitaanza na daktari mmoja.

Jina lake ni Michael Latham. Alizaliwa mwaka wa 1928 huko Kilosa, Tanzania, wakati huo ikiitwa Tanganyika. Alisomea udaktari Dublin, kisha mwaka wa 1955 akarudi Tanganyika kutibu watu. Baadaye aliongoza kitengo cha lishe katika Wizara ya Afya. Mwaka wa 1965 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha kitabu chake kuhusu lishe katika Afrika ya joto. Alikiandika kwa ajili ya wahudumu wa afya, hasa wa Afrika Mashariki.

Labda utauliza, mama, kitabu kinanihusu nini? Daktari wodini humtibu mtoto aliye mbele yake. Kitabu kizuri humfikia muuguzi wa zahanati ya mbali, naye akamfikia mama.

Latham alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Huko alikuwa miongoni mwa madaktari waliopinga kampuni kuwashawishi mama maskini waache kunyonyesha na kununua maziwa ya kopo. Mwezi wa Mei 1981, huko Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo. Nchi 118 zilikubali. Moja tu, Marekani, ilikataa. Kenya ilitunga sheria yake mwaka wa 2012. Hairuhusiwi kutangaza maziwa ya kopo ya watoto wachanga wala kumpa mama kopo la bure la kujaribu. Latham alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, 2011.

Sheria imezuia matangazo, lakini haiwezi kukunyonyeshea mtoto. Hapa nikiri la kwangu. Kifungua mimba wangu alipofikisha miezi mitatu, likizo ya uzazi iliisha. Mimi ni muuguzi, haya yote niliyasoma, lakini nilinunua kopo, nikawa namnyonyesha usiku tu. Katikati ya mwezi pesa zilipungua. Nikaanza kutia kijiko kimoja mahali pa viwili ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Chupa ilijaa, tumbo lilijaa, lakini yalikuwa maji. Uzito ulisimama, kisha akaanza kuhara. Mwenzangu aliyempima hakusema kitu. Alinionyesha tu mstari kwenye kadi ya kliniki.

Nilirudi kumnyonyesha mchana na usiku, kila alipotaka. Baada ya siku kadhaa maziwa yakaongezeka. Mwili hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Ukimpa chupa, unauambia mwili upunguze.

Kwa hivyo, mama, shika haya:

Miezi sita ya kwanza mpe maziwa yako peke yake. Usimpe maji, hata wakati wa kiangazi. Usimpe maziwa ya mbuzi wala maji ya sukari. Dawa aliyoandikiwa kliniki mpe.

Ukienda kuteka maji mbali au kazini, nawa mikono, kamua maziwa kwenye kikombe safi, funika, weka kivulini. Mlezi amnyweshe kwa kikombe, si kwa chupa, kwa sababu chuchu ya chupa ni ngumu kuosha. Yatumike katika muda usiozidi saa nne.

Akitimiza miezi sita, mwanzishie uji mzito, maharagwe yaliyopondwa na yai, huku ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka miwili na zaidi.

Ikiwa unaishi na virusi vya Ukimwi, usiache kunyonyesha kwa hofu. Meza dawa zako kila siku, na ufuate ushauri wa kliniki.

Nawe baba, na nyanya uliyeko nyumbani: mwenye kunyonyesha anahitaji chakula, maji ya kunywa na mtu wa kumbebea mtungi. Msimwambie maziwa yake ni mepesi. Mleteni kliniki tumsaidie.

Hadi tutakapokutana tena, mtoto anyonye, ashibe, akue. Kwaheri.