Kipupwe, Mchakamchaka na Hesabu ya Kalori



Naomba nianze na mfuko wa nailoni. Kila Juni, ukisimama kando ya barabara hapa Njombe saa 12 asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, utawasikia kabla hujawaona. Chaka, chaka, chaka. Ni watu wazima wanaokimbia wakiwa na sweta juu ya trakisuti, na ndani ya trakisuti wamejifunga nailoni tumboni. Waulize sababu, watakupa mbili kwa pumzi moja: jasho likitoka mafuta yanayeyuka, na baridi inachoma kalori kuliko joto. Ya kwanza ni kosa tupu. Jasho ni maji na chumvi, na ukinywa vikombe viwili vya chai uzito ule unarudi. Ya pili ina ukweli ndani yake, ila ni ukweli mdogo kuliko tunavyoutangaza. Nimekuja kuupima huo.

Mwili wa binadamu unataka kubaki kwenye nyuzi 37 hivi, iwe uko Tanga au uko Kitulo asubuhi ya sakitu. Baridi ikiupiga, hatua yake ya kwanza ni ya ubahili: unabana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi ili joto lisipotee. Ndiyo maana vidole huwa vya kwanza kufa ganzi. Ubahili usipotosha, mwili unaanza kutumia akiba: misuli inatetemeka. Kutetemeka kwa nguvu kunaweza kupandisha matumizi ya nishati hadi kufikia mara tano ya yale ya mtu aliyepumzika. Tena kuna mafuta ya kahawia, ambayo kazi yake si kuhifadhi nishati bali kuichoma ili kutoa joto. Zamani ilidhaniwa ni mali ya watoto wachanga peke yao, mpaka mwaka 2009 tafiti tatu zilipochapishwa pamoja katika jarida la tiba la New England kuonyesha kwamba hata watu wazima wengi wanayo, hasa shingoni na juu ya mifupa ya mtulinga. Magazeti yakaipokea habari hiyo kwa shangwe, na tangu hapo baridi imekuwa dawa ya kitambi.

Sasa niulize, ndugu zangu. Nani kati yenu amewahi kumwona mkimbiaji akitetemeka katikati ya mlima? Anayetetemeka ni yule aliyesimama pembeni kushika saa. Sababu ni hii: misuli inapofanya kazi, katika kila kalori 100 inazotumia ni 20 hadi 25 tu zinazogeuka kuwa mwendo. Zote zilizobaki zinatoka kama joto. Mkimbiaji anatembea na jiko lake kifuani. Baridi ya Njombe inakuja kudai joto, inakuta jiko limeshawaka na moto wenyewe ulikuwa wa kumwagwa tu. Hapo mwili hauna haja ya kutetemeka, wala mafuta ya kahawia hayana sababu ya kuamka.

Tufanye hesabu kidogo, maana mada ya kalori bila hesabu ni porojo. Mtu anayekimbia kwenye tambarare hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake, kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 ametumia 350 hivi. Awe Dar es Salaam mwezi wa pili au Njombe mwezi wa saba, namba hiyo haisogei sana. Kinachoisogeza ni kilima. Mtu huyohuyo akipandisha mita 100 kwenda juu, misuli yake inalipa kilokalori kama 65 za ziada. Kwa hiyo anayetafuta kalori za nyongeza katika mkoa huu asiitegemee baridi. Aelekee mlimani, Mungu ametujalia vilima tele.

Hata mifano mikubwa ya barafuni inasema hivyo. Waingereza wawili, Ranulph Fiennes na Dk. Mike Stroud, walivuka bara la Antaktika kwa miguu mwaka 1992 hadi 1993, na kila mmoja alipungua zaidi ya kilo 20. Watu wanainukuu safari ile kama ushahidi wa baridi. Lakini wale mabwana walikuwa wakiburuta magari ya barafuni yenye mizigo ya zaidi ya kilo 200 kila mmoja, saa nyingi kwa siku, kwa zaidi ya miezi mitatu, na chakula hakikufikia nusu ya walichotumia siku zile ngumu zaidi. Mpe mtu kazi ile pale Morogoro, naye atakonda.

Je, baridi haina faida? Inayo, tena kubwa, ila iko mahali pengine. Kwenye joto la pwani moyo unagawana damu sehemu mbili: misuli inaidai ikimbie, ngozi inaidai ijipoze. Mkimbiaji anachoka mapema, anatembea, anakaa. Kwenye hewa ya baridi ngozi haidai sana, na damu inabaki kazini. Wakimbiaji wa marathoni wanalijua hilo. Eliud Kipchoge alipokimbia kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, siku na saa ya kuanza vilichaguliwa kwa kuangalia hali ya hewa, na alianza asubuhi ya ubaridi. Marehemu Kelvin Kiptum aliweka rekodi yake ya 2:00:35 huko Chicago mwezi Oktoba 2023, nako kulikuwa na ubaridi. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni hii: aliyekuwa akiishia kilomita 4 kwenye joto anaweza kufika 6 kwenye kipupwe bila kuhema kupita kiasi. Kilomita mbili zile ndizo kalori zake za ziada. Amezilipia kwa miguu yake mwenyewe.

Nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni njaa.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha jaribio dogo. Vijana waliendesha baiskeli ya mazoezi ndani ya maji, siku moja ya nyuzi 20, siku nyingine ya nyuzi 33. Nishati waliyotumia ilikaribiana siku zote mbili. Kisha wakawekewa chakula wale wapendavyo. Siku ya maji baridi walikula asilimia 44 zaidi ya siku ya maji ya uvuguvugu.

Niliposoma matokeo hayo nilicheka peke yangu, maana nilishayaona mtaani kwetu. Kikundi chetu cha kwanza tulikuwa watu 14. Tulianza mwanzoni mwa Juni, na mwisho wa Agosti tukaenda kupimana kwenye mizani ya muuza viazi, mmoja mmoja, tukisimama juu ya bamba lenye udongo mkavu. Waliopungua walikuwa wachache. Mimi niliyekuwa nikipiga filimbi mbele nilikuwa nimeongezeka kilo moja na nusu! Tulilaumu mizani. Lakini kosa lilikuwa mahali tulipomalizia mbio. Tulikuwa tunaishia kwa mama mmoja muuza supu, na baridi ile inavyokata, nani apite? Supu ya ng'ombe yenye mafuta yanayoelea, chai ya maziwa, chapati tatu za moto. Chapati moja ya kukaanga, pana kama sahani, haipungui kilokalori 200. Tulitumia 350 barabarani, tukarudishiwa 600 na zaidi kwa chapati peke yake. Mwaka uliofuata tulibadili njia, tukawa tunamalizia uwanjani, kila mtu anakwenda kunywa uji wake nyumbani. Mizani ya muuza viazi ikapona.

Mambo ya usalama nitayasema kwa ufupi, mengi mnayafahamu. Nguo iliyolowa jasho ni adui, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa. Mwenye nailoni anaposimama kupumzika anapoa ghafla. Mishipa iliyobanwa na baridi hupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo wazee wetu na wenye presha wasitoke kitandani wakaanza mbio moja kwa moja. Hewa kavu ya baridi hubana vifua vya wenye pumu. Na kiu hupungua wakati mkojo unaongezeka, hivyo mtu anaweza kuishiwa maji bila kujua.

Ninawaomba walimu wenzangu mambo matatu kabla ya Juni ijayo. Mpashe watu miili moto kwa dakika kumi, ndani au mahali pasipo na upepo, kabla hamjaingia barabarani. Mwaambie waache nailoni dukani. Na kila mtu aje na fulana kavu kwenye mfuko, aibadilishe palepale mnapomalizia, kabla hajaanza kuulizia supu.