Tumefungwa au Wamefungwa? Jina, Nafsi na Uaminifu wa Mashabiki wa Kandanda Singida Mjini

1. Utangulizi



Lengo la kila mfanyabiashara mwenye kuona mbali si kuuza mara moja, bali ni kumpata mnunuzi atakayerudi, na akirudi awalete wenzake. Hekima ya Kiswahili kuhusu jambo hili imo katika methali kama “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza” na “Biashara haigombi”. Ya kwanza inahusu ubora wa bidhaa, ya pili adabu ya muuzaji. Hata hivyo, methali hizo hazigusi uhusiano wa wanunuzi wenyewe kwa wenyewe. Ni lini watu wanaonunua kitu kimoja huacha kuwa kundi la wanunuzi na kuwa jamii?

Mhadhara huu unakusudia kulijibu swali hilo kwa ushahidi wa lugha, na uwanja wake ni kandanda ya Singida Mjini. Kandanda imechaguliwa kwa sababu klabu ya leo ni biashara: huuza tiketi, jezi na jina lake kwa wadhamini. Singida imechaguliwa kwa sababu kati ya mwaka 2017 na 2024 mji huo ulipewa timu za Ligi Kuu chini ya majina manne tofauti. Ni nadra kwa mtafiti wa lugha kukuta mahali ambapo kitu kinachopendwa kimebaki kile kile huku jina lake likibadilika mara nyingi kiasi hicho.

2. Mteja, shabiki na mwanachama

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mtu anayeifuata timu, nayo hayalingani uzito. Mteja hununua huduma na kuondoka. Shabiki hushangilia. Mpenzi wa timu huibeba moyoni hata asipofika uwanjani. Mwanachama ana kadi, hulipa ada na hupiga kura.

Neno mteja lenyewe limepitia safari ya kufundisha. Katika mitaa ya Tanzania, umbo teja humtaja mtu aliyetekwa na dawa za kulevya; huyo hurudi kwa muuzaji kwa kushindwa kuondoka, wala si kwa kupenda. Nchini Kenya, kutokana na tangazo la simu linaloeleza kwamba mteja hapatikani, vijana walizoea kusema kuwa mtu fulani ni “mteja”, yaani hapatikani. Hivyo basi, lugha ya mitaani imelivuta neno moja kwenye ncha mbili: asiyeweza kuondoka na asiyeweza kupatikana. Uaminifu haumo katika ncha yoyote kati ya hizo. Mwaminifu ni yule awezaye kuondoka, naye akabaki.

3. Ushahidi wa kiambishi

Uaminifu huo unaweza kupimwa kwa kiambishi cha nafsi. Baada ya mechi, shabiki wa kweli hasemi “wameshinda”, husema “tumeshinda”. Hakugusa mpira, hakulipwa mshahara, tena pengine alilipa kiingilio. Lakini sarufi yake inamweka miongoni mwa wachezaji. Mnunuzi wa sabuni hasemi “tumeuza vizuri mwaka huu” kwa niaba ya kiwanda, hata akiitumia sabuni hiyo maisha yake yote.

Aidha, kipimo hiki hukamilika siku ya kushindwa. Wako wanaosema “tumeshinda” Jumamosi na “wamefungwa” Jumapili. Kuhama kutoka tu- kwenda wa- ni silabi moja tu, lakini silabi hiyo ndiyo mpaka kati ya mtazamaji na mwanajamii. Asemaye “tumefungwa” amekubali kubeba hasara isiyokuwa yake kisheria.

Klabu za Yanga na Simba, zilizoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1935 na 1936, zimejijengea jamii ya namna hiyo nchi nzima. Lugha imeshiriki katika ujenzi huo. Jina la Kiingereza Young Africans lilipita katika vinywa vya watu likatoka Yanga, limepata irabu ya mwisho kama Kiswahili kinavyodai. Klabu iliyokuwa ikiitwa Sunderland ilichukua jina la Simba mwaka 1971. Pande hizo mbili huitana watani wa jadi, istilahi iliyoazimwa kutoka utani wa makabila, ambao huwaruhusu watu kukejeliana bila kuvunja undugu. Hali kadhalika, wafuasi wao hujikusanya katika matawi, na tawi humpa mtu mahali pa kukaa, watu wa kubishana nao na viongozi wa kuwachagua.

Matokeo yake yanajulikana katika kila mji wa mikoani. Simba au Yanga inapokwenda Singida, wapo wenyeji wengi uwanjani ambao kiambishi tu- wamekwisha kukitoa kwa wageni. Klabu ya mji haishindani na wachezaji kumi na mmoja tu. Inashindana na nafsi ya kwanza wingi iliyojengwa kwa miongo mingi.

4. Majina manne

Singida United ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017/18 ikiwa chini ya kocha Hans van der Pluijm, aliyewahi kuifundisha Yanga. Mwaka 2018 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kufungwa na Mtibwa Sugar. Mwaka 2020 ilishuka daraja.

Mwaka 2022 ilikuja timu ya pili kwa njia nyingine. DTB, timu iliyobeba herufi za jina la benki, ilipanda daraja na kuitwa Singida Big Stars. Ikamaliza msimu wa 2022/23 katika nafasi ya nne. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate na kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwaka 2024 ikaliacha jina la Singida, ikawa Fountain Gate, na maskani yake yakahamia Babati, mkoani Manyara. Mwaka huo huo Ihefu, timu iliyotokea Mbarali mkoani Mbeya, ikawa Singida Black Stars. Hiyo ndiyo iliyotwaa Kombe la Kagame mwezi Septemba 2025. Uwanja uliozoeleka kwa jina la Namfua nao umekuja kuitwa Liti.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika orodha hiyo. Kwanza, neno Singida ndilo pekee lililodumu. Yaliyofuata yote ni ya Kiingereza na yamebadilika kabla ulimi wa watu haujapata muda wa kuyafinyanga kama ulivyoifinyanga Yanga. Pili, kila badiliko lilianzia kwa mwenye timu. Aliyenunua jezi ya mwaka 2017 anayo nguo yenye jina ambalo haliko tena Ligi Kuu. Si haki kumlaumu mtu huyo kwa kusema “wamefungwa”. Hakupewa muda wa kujifunza kusema “tumefungwa”.

Itasemwa kwamba pasipo mwekezaji hakuna timu, na kwamba ukata umezizamisha timu nyingi za mikoani. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida na mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, alikubaliwa na wanachama wa Simba kuwa mwekezaji mwezi Desemba 2017, chini ya utaratibu unaowaachia wanachama asilimia 51. Mtaji wa mzaliwa wa Singida ulikwenda mahali ambapo palikuwa tayari na watu wa kupiga kura. Mtaji unaweza kununua wachezaji na kuhamisha timu. Jamii huikuta, au huingoja.

5. Walima Alizeti

Pamoja na misukosuko hiyo, mji huo umepata jina moja lililovuka mabadiliko: Walima Alizeti. Vyombo vya habari na mashabiki wamelitumia kwa timu zilizofuatana, ingawa hazina ukoo mmoja.

Muundo wake unastahili kutazamwa. Halisemi “wakulima wa alizeti”. Nomino mkulima hujitosheleza. Mkulima anaweza kulima mtama leo na alizeti kesho. Lakini mlima alizeti, kama mpiga ngoma au mfanya kazi, ni nomino iliyoundwa kwa kitenzi kinachobakiza irabu -a na kudai yambwa yake. Ukiiondoa alizeti, nomino husambaratika; kinachobaki, mlima, humpeleka msikilizaji kwenye kilele cha ardhi. Mtu na zao lake vimefungwa katika neno moja.

Zaidi ya hayo, jina hilo halikuhitaji kuelezwa. Alizeti hustawi katika ukame wa kanda ya kati. Mafuta yake hukamuliwa mjini na kuuzwa kwa madumu kando ya barabara. Mnyaturu, Mnyiramba na mgeni aliyehamia wote wanaijua. Jina rasmi huandikishwa ofisini na linaweza kuuzwa pamoja na timu. Jina la utani halina hati miliki. Hukaa kwa wanaolitamka. Kwa sababu hiyo Fountain Gate iliweza kuondoka na wachezaji wake, lakini Walima Alizeti walibaki Singida.

6. Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba jamii ya waaminifu haizalishwi na ubora wa bidhaa peke yake, wala na fedha, wala na ushindi. Nafasi ya nne na kombe huleta watazamaji. Kiambishi tu- huletwa na mambo matatu: jina linalodumu kiasi cha watu kulifinyanga, mahali pa kukutana, na sauti katika maamuzi yanayohusu kile wanachokipenda.

Singida Mjini inalo la kwanza, kwa jitihada za watu wake wenyewe. Mawili yaliyobaki yanawategemea wenye timu: kusimika matawi yenye uhai, na kuwauliza Walima Alizeti kabla ya jina la tano kufikiriwa. Kwa wanafunzi wa lugha ipo kazi ya kufanya huko, tena isiyohitaji vifaa vingi. Inatosha kusimama nje ya uwanja siku timu ya nyumbani inapofungwa, na kusikiliza kwa makini silabi ya kwanza ya kitenzi.